Filta ya Nyumba Yenye Pamba

Siku hizi mteja anakuja na jibu mkononi. Ananyoosha simu, ananionyesha picha ya mashine nyeupe aliyoiona mtandaoni, ananiambia, "Mzee, nataka filta kama hii." Namuuliza nyumbani kwake hewani kuna nini. Ananiangalia kama nimemuuliza jina la babu wa bodaboda aliyemleta. Nimestaafu kazi ya viyoyozi na majokofu, lakini hapa Mwisenge, Musoma, watu hawaamini habari za kustaafu, hasa wakijua kwamba bisibisi bado ninayo. Ndiyo maana nawaandikia ninyi vijana mliochukua kazi hii. Nikimaliza kusema, wateja wawafuate ninyi, mimi nibaki na redio yangu.

Chuoni mnaandika chujio la hewa. Karakanani tuliita filta, na mimi ni mzee sana kubadilisha. Kazi yake ni kuziba njia ya vumbi bila kuziba njia ya hewa, na matatizo yote ya kazi yetu yanaanzia hapo. Ikiwa na matundu makubwa, vumbi linapita likisalimia. Ikiwa nzito mno kwa feni ndogo, hewa haivutwi, kiyoyozi kinaganda barafu, na mwenye nyumba anakupigia simu kusema gesi imeisha. Nimeona mafundi wakiongeza gesi kwenye kiyoyozi kizima kabisa, na filta imevaa vumbi kama blanketi. Kwa hiyo mtu akikuambia filta nzuri ni ile nene, mwitikie kwa heshima, kisha endelea na kazi yako.

Aliyenifundisha ni fundi mmoja tuliyemwita Sospeter. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akiingia kwenye nyumba ya mtu, hagusi mashine, haulizi umeme uko wapi. Anatoa kitambaa cheupe mfukoni, anafuta juu ya kabati la nguo, mahali ambapo hakuna mwanamke wala mwanamume anayefuta, kisha anakipeleka mlangoni penye mwanga. Kikitoka cheusi, ni moshi na masizi. Kikitoka chekundu, ni barabara. Kikitoka na mabawa na miguu, ni ziwa. Watu wengine walidhani ni mganga. Makoko kuna mama alimuuliza kwa sauti ya chini kama ameona nani anayemharibia kifua.

"Nimemuona," Sospeter akasema. "Ni jiko lako la mkaa. Litoe hapo koridoni."

Huko Makoko kwenyewe kuna ule msimu wa wadudu wa ziwani. Ninyi mnawajua, wanainuka kutoka majini kama moshi, wanafuata taa, asubuhi mnawazoa kwa koleo barazani. Mashine ya nyumba ya pale iwekewe wavu wa nailoni kwa nje, ule unaooshwa, ndipo filta laini ifuate nyuma yake. Ukiweka laini peke yake, wadudu wanaimaliza mapema. Na mwambie mwenye nyumba azime taa za upande wa ziwa. Hilo halimpi fundi faida yoyote, lakini mwambie.

Mama Veronika wa Makoko nilimfungia hivyo hivyo. Nilimwambia wavu uoshwe kila wiki. Nadhani nilisema haraka, au yeye alisikia alichotaka, maana alichomoa vyote viwili, akaviloweka kwenye beseni la sabuni, akavisugua, akavianika. Na kwa kuwa jua zuri kwake liko kwenye chanja, akavianika juu ya chanja, pembeni ya dagaa. Jioni akavirudisha.

"Fundi," akanipigia simu, "hii mashine yako imeanza kuvua."

Nilipofika, sebule nzima ilinuka dagaa, kochi na mapazia, na yule paka wa jirani amekaa mbele ya mashine akisubiri. Shikeni hili basi. Inueni filta juani. Ukiona vitundu na mwanga unapita, huo ni wavu, osha. Ukiona karatasi iliyokunjwakunjwa yenye manyoya manyoya, hiyo haioshwi, inakung'utwa taratibu nje, na ikichoka inatupwa. Ile yenye chembe za mkaa ndani, ya kuondoa harufu, nayo haitaki maji. Mama Veronika alinunua nyingine, na paka yule alikata tamaa baadaye sana.

Butiama walinipa somo la namna nyingine. Mwitongo kuna bwana mmoja ambaye wageni hawamkauki, na mke wake anafuma vitambaa vizuri sana. Kochi limevikwa, redio imevikwa, televisheni imevikwa. Walinunua mashine ya kusafisha hewa kwa ajili ya vumbi la kiangazi, wakaniita kwa sababu inaunguruma tu na hewa haibadiliki. Nikaikuta nayo imevikwa, kitambaa cha maua ya njano kimefunika mahali pa kutolea hewa.

"Mama," nikamwambia, "hii haisikiagi baridi."

"Sasa ikae uchi mbele ya wageni?"

Tulizungumza kama watu wazima, tukakubaliana kitambaa kiwe chini yake badala ya juu. Niliisogeza pia kutoka nyuma ya kochi, maana mashine hizi zinataka nafasi pande zote, haziwezi kuvuta hewa kwenye mgongo wa kochi. Sikuuza filta siku hiyo. Nilikunywa chai nikaondoka.

Nyumba iliyonishinda kwa muda mrefu kuliko zote iko nje ya mji wa Bunda. Mwenyewe ni mkulima wa pamba, Mzee Magesa, na mke wake ni Bibi Nyangeta. Bibi ana pumu. Miezi mingi alienda nayo kwa dawa za hospitali, lakini kila ulipofika wakati wa mavuno ilimkaba, akawa analala amekaa, mgongo ukutani, mito miwili nyuma. Mtoto wao Masatu anafanya kazi Mwanza, na yeye ndiye aliyenunua mashine ya kusafisha hewa na kuniomba nikaifunge na kuichagulia filta. Masatu alikuwa ameshasema neno lake. Mashine isipomsaidia mama msimu huu, atakuja kumchukua akaishi naye Mwanza, na haitakuwa matembezi. Si mtoto mbaya. Alikuwa amechoka kupokea simu za alfajiri.

Bibi hakutaka kwenda. Mzee hakutaka zaidi yake, ila hakuweza kulisema mbele ya mgonjwa. Alilisema aliponisindikiza mpaka kwenye pikipiki yangu.

"Fundi, Masatu akimchukua huyu, mimi nitabaki naongea na mbuzi. Tafuta filta kali. Kali kabisa."

Nilikuwa nimefanya kama nilivyofundishwa. Nilitoa kitambaa changu cheupe, nikafuta juu ya kabati lao, nikakiangalia mlangoni. Kilikuwa na wekundu kidogo tu. Nyumba nyingi za Musoma mjini ni chafu kuliko ile. Nikaona hili ni vumbi la barabara, nikaweka filta ya karatasi ile laini, nikaangalia ule mshale wa njia ya hewa, nikahakikisha hakuna upenyo pembeni, maana filta nzuri yenye upenyo pembeni ni mlango uliofungwa na dirisha likaachwa wazi. Nikarudi nyumbani nimeridhika.

Wiki haikuisha. Mzee akapiga simu kwamba mashine inalia na taa yake imekuwa nyekundu. Nilikwenda nikakuta filta imeziba, uso wake umepauka. Nikalaumu duka, nikadhani wameniuzia ya bandia. Nikaweka nyingine ya duka lingine, nayo ikafa vilevile. Bibi akawa vibaya zaidi, anaongea maneno mawili anapumzika. Kisha Mzee akanipigia tena.

"Masatu anakuja Jumamosi," akasema. "Na gari."

Safari ya tatu nilitokea msibani, kwa hiyo nilivaa suruali nyeusi. Nilikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, nikaifungua mashine nikiwa nimeipakata. Niliposimama, Bibi Nyangeta aliyekuwa kitandani amekaa kwenye mito yake alianza kucheka, kicheko na kikohozi vikigombania mlango mmoja.

"Fundi... umekuwa kondoo."

Nikageuza shingo. Suruali yangu nyuma yote ilikuwa nyeupe, nyuzinyuzi laini za pamba kutoka kiunoni mpaka kwenye magoti. Nikatoa kitambaa changu cheupe, nikakitazama. Muda wote nilikuwa natafuta kitu cheupe kwa kitambaa cheupe. Sospeter alikulia kwenye masizi ya mjini, hakuwahi kuwaza kwamba kuna uchafu wenye rangi ya leso yake, na mimi nilimeza somo lake bila kutafuna. Nilimcheka marehemu, nikajicheka na mimi. Tangu siku hiyo nilitembea na vitambaa viwili, cheupe na cheusi, na ninyi fanyeni hivyo.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikuuliza mapema pamba iko wapi, nami nimekwenda kwa mkulima wa pamba wakati wa mavuno. Anayeuliza hivyo hajakaa kwetu. Mwenye ng'ombe humuulizi ana ng'ombe wangapi, na mwenye mavuno humuulizi ameyaweka wapi. Ni maswali ya mwizi au ya mtu mwenye kijicho. Kile chumba cha pili kilikuwa na pazia, na pazia la mtu halichunguliwi. Lakini siku ile suruali yangu ilikuwa imeshauliza, basi nikamalizia.

"Mzee, pamba iko wapi?"

Akainua pazia. Chumba kilikuwa kimejaa pamba, imelundikwa mpaka juu ya linta ya mlango. Nyumba haina dari, kuta za ndani zinaishia njiani, na hewa ya chumba kile ilikuwa inavuka ukuta na kushuka upande wa pili, juu ya kitanda cha Bibi, usiku na mchana. Chama cha ushirika kilikuwa hakijaanza kupokea. Pamba ingekaa pale mpaka lori lije.

"Pamba tunalalaga nayo," Mzee akasema. "Baba yangu alilalaga nayo. Mwaka mmoja niliiweka banda la nje, wakaja watu wakaiba, waliyoiacha mbuzi wakaitafuna. Pamba ikilala peke yake, inaamka na mwingine."

"Mzee, nikikuletea filta ya chumba cha upasuaji itaziba vilevile. Filta haiwezi kushindana na chumba kizima. Itoke."

"Haitoki."

"Basi atatoka mama, Jumamosi."

Sikuwa nimepanga kusema vile, lakini ndiyo hali yenyewe ilivyokuwa. Mzee alimwangalia mke wake. Bibi alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe, anavuta pumzi, na kile kifua kilipiga filimbi mpaka mimi nilitamani kuwa mahali pengine.

"Sawa," Mzee akasema. "Ikitoka, natoka nayo."

Nilidhani ni utani. Mchana ule ule aliita majirani, wakabeba pamba kwa maturubai mpaka banda la nje, mbuzi wakahamishiwa nyuma ya jiko, na Bibi tukamkalisha mbali, upande upepo unakotoka. Mzigo wa mwisho kubebwa ulikuwa godoro la Mzee. Ndani nilisimamia usafi. Nyumba kama ile haifagiwi kwa ufagio mkavu, unaamsha kila kitu kilicholala. Inafutwa kwa matambara yenye maji, kuta kwanza, kisha makabati, sakafu mwisho. Chandarua na mapazia yakafuliwa. Ndipo nikaweka filta mpya, ile ile ya kawaida, wala si kali. Nikamwambia Bibi dawa za hospitali asiache hata siku moja, maana mashine si dawa, na Mzee nikamwambia ajifunge kitambaa puani huko anakolala. Alikifunga mpaka nilipowasha pikipiki.

Kitu ambacho sikukifikiria ni majirani. Sehemu zile, mume akitoa godoro lake nyumbani kwa mkewe, watu wana maana moja tu. Habari zilifika kwenye mashine ya kusaga kabla ya jua kuzama: Mzee Magesa amefukuzwa, uzeeni, anahamia kwa mbuzi. Keshokutwa yake wazee watatu wa ukoo wakaja, wamevaa makoti, wakakaa sebuleni na kuanza kwa mbali kama inavyotakiwa, habari za mvua, habari za mifugo, kisha ndoa na uvumilivu. Bibi aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Ningewakatisha ningekosa," aliniambia baadaye. "Maneno yao yalikuwa mazuri. Miaka yote ya ndoa hakuna mtu alikuwaga ameniambia nimevumilia."

Walipomaliza ndipo akawapeleka bandani, wakamkuta Mzee amejilaza juu ya pamba yake na rungu pembeni. Wakasalimiana. Mmoja alipiga chafya, wakaondoka.

Jumamosi nilikwenda kuangalia filta, na kusema kweli nilikwenda pia kuona litakaloamuliwa. Masatu alifika na gari, akafungua buti kabisa kabla ya kusalimia, ili tusipoteze muda. Alipomwona baba yake anatoka bandani, nywele na ndevu zimejaa pamba, uso ulimbadilika. Alishapata habari njiani, kwenye kibanda cha soda.

"Shikamoo baba. Lakini hii ni nini? Mama mgonjwa unamwacha ndani peke yake? Ndiyo maana nasema aende na mimi."

Mzee alianza kuchomoa nyuzi za pamba kwenye mkono wa shati, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa nimeshika filta mkononi, nimeichomoa kumwonyesha Masatu kwamba ina vumbi kidogo tu la kawaida, lakini hakuna aliyetaka kuiona filta.

Bibi Nyangeta alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda.

"Masatu," akasema, na aliyasema yote kwa pumzi moja, "baba yako hajaniacha, amenipisha nipumue. Tangu atoke nalala chali. Wewe unajua lini mara ya mwisho mimi nimelala chali?"

Masatu hakujua, na Mzee pia hakujua, nilimwona. Kijana alikaa kwenye ukingo wa buti kwa muda, kisha akaja akaichukua ile filta mikononi mwangu, akaigeuzageuza, akauliza nyingine atafute ya aina gani. Nikamwambia hii hii. Gari lilirudi Mwanza na viazi vitamu na kuku mmoja aliyekuwa anapiga kelele. Niliona furaha, na sioni sababu ya kuificha.

Mzee alilala bandani mpaka chama kilipoanza kupokea. Siku lori lilipokuja nilikuwa pale, nimekwenda kumfundisha Bibi kuosha wavu nilioufunga mbele ya filta yao. Lilipopinda tu kona, Mzee aliingia bandani, akatoka na godoro kichwani, akaja moja kwa moja nyumbani, mbio kidogo kwa mtu wa umri wake. Bibi akasimama katikati ya mlango.

"Simama hapo hapo."

Akasimama. Akaelekezwa uani, mbali, aliweke godoro juu ya uzio na kulipiga fimbo. Akalipiga, nyuzi zikaruka zikaenda na upepo. "Tena," Bibi akasema kutoka mlangoni. Akapiga tena. Kisha akatumwa kuoga, na nguo alizotoka nazo bandani zikabaki nje kwenye beseni.

Alirudi na shati safi, nywele zimelowa. Mimi nilijifanya nafunga spana zangu. Bibi alimzunguka, akamkagua mabegani, akamkagua kichwani, nyuma ya sikio akakuta uzi mmoja wa pamba. Akauchukua kwa vidole viwili, akauweka kiganjani, akavuta pumzi ndefu, akaupuliza. Ulikwenda mbali. Kisha akasogea pembeni ya mlango.

"Sasa ingia," akamwambia.